Mtafiti Chipukizi

Jumanne asubuhi, Mtarajiwa alikuwa ofisini kwa Profesa wa Udongo akisahihisha mitihani ya mwaka wa pili. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha wageni, si kwenye kiti cha Profesa, ingawa Profesa hakuwapo na hakuna aliyemtarajia. Mitihani ilirundikwa mezani kwa mafungu, kila fungu limefungwa kamba, na karibu kila jibu la kwanza lilieleza, kwa maneno yaleyale ya mihadhara yake Mtarajiwa, kwa nini mvua huubeba udongo wa juu na kuuacha wa chini. Alisahihisha kwa wino mwekundu, akajumlisha alama pembeni, akaweka saini ya Profesa. Saini hiyo alikuwa ameizoea kiasi kwamba Profesa mwenyewe, akiwa na jambo zito la kusaini benki, alimwita yeye, kwa sababu ile iliyotoka mkononi mwa Profesa benki walikuwa wameanza kuitilia shaka.

Alipofika fungu la tatu, herufi zikaanza kukimbiana. Akaisogeza karatasi mbali, akairudisha karibu, haikusaidia. Basi akanyoosha mkono, akachukua miwani ya Profesa iliyoachwa juu ya mashine ya kuchapisha, akaivaa. Ikamkaa barabara. Aliendelea kusahihisha hadi wakati wa chakula, na alipompigia Profesa kumwarifu kwamba kazi imekwisha, akamwuliza pia kama anaihitaji miwani yake. Profesa akasema hapana, siku hizi anasoma vizuri tu bila hiyo, akamkumbusha asimwage wino kwenye zulia.

Jambo hilo halikuwa geni chuoni. Anayefanya kazi ya mtu kwa jina la mtu huyo, umri wake pia huupokea, polepole, kama mbeba gunia la unga anavyopokea unga mabegani. Katika Idara ya Kemia kulikuwa na msaidizi wa maabara mwenye mtoto wa jicho wa mkuu wa idara. Kitivo cha Sheria kilikuwa kimemzika mwanafunzi wa uzamivu aliyefariki kwa uzee wa mhadhiri wake. Mhadhiri alishika jeneza mbele kabisa, akalibeba mpaka makaburini bila kupokewa, maana nguvu zilikuwa zimemjaa, na jioni akaenda kucheza mpira. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuwahi kusajiliwa uzamivu.

Mtarajiwa hakuzaliwa na jina hilo. Alipojisajili, miaka mingi nyuma, alivishwa shingoni kitambulisho cha kongamano kilichoandikwa “Dokta Mtarajiwa”, na kwa kuwa aliendelea kutarajiwa, jina likamkaa hata wanafunzi wapya wakadhani ni la ukoo wake. Kwa kuzaliwa alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, aliyemwacha kwa bibi yake, mama mzazi wa Mtarajiwa, katika mji mwingine wakati mtoto bado anatambaa. Mpango ulikuwa wa kueleweka: amalize, aajiriwe hapo chuoni, apewe nyumba ya wafanyakazi, akamchukue mtoto wake waishi pamoja. Mtoto sasa alikuwa anasoma na kuandika. Mtarajiwa alimtamani mpaka mikono ilimuuma, na maumivu hayo yalikuwa yake mwenyewe, si ya Profesa.

Kilichokuwa kimebaki ni sura moja tu ya tasnifu, ya mwisho, kuhusu miteremko ya vilima na udongo unavyoondoka. Sura hiyo ilikuwa mezani kwa Profesa, na ilikuwa na alama za kikombe cha chai kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa marejeo. Kila kitu Mtarajiwa aliweza kukisaini kwa niaba ya Profesa isipokuwa hicho: kwa tasnifu, kanuni zilimtaka msimamizi asimame yeye mwenyewe mbele ya Mkuu wa Masomo ya Juu, atamke kwa kinywa chake kwamba ameisoma.

Baada ya macho zilikuja mvi, na baada ya mvi goti la kushoto. Goti lilianza kulia ngazini, halafu likaanza kulia hata akiwa ameketi. Akaenda zahanati ya chuo. Muuguzi alilikunja, akalikunjua, akalisikiliza.

“Hili goti nalijua,” akasema. “Ni la Profesa wa Udongo. Nimelichoma sindano mpaka nikazoeana nalo.”

Akaenda kabatini, akatoa faili la Profesa, akafuta jina lililokuwapo na kuandika la Mtarajiwa kwa kalamu ya risasi, ili likihama tena asipate tabu. Alimpa vidonge vilevile na onyo lilelile, kwamba asipande ngazi. Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti iliharibika siku ilipozinduliwa, mkuu wa chuo akiwa ndani.

Profesa naye alizidi kunawiri. Kitambi kilimtoka, nywele zikamrudi kuanzia kisogoni kwenda mbele, akawa anapanda ngazi mbili mbili huku akipiga mluzi. Mke wake alifurahi kwanza, kisha akaanza kumpekua simu. Tangu mwanzo Profesa alikuwa akimwita Mtarajiwa “binti”. Macho yalipohama akawa anamwita “dada”. Kichwa kilipomwia cheupe chote, siku moja alimkuta kwenye korido akishikilia ukuta, akasimama pembeni kumpisha, akasema, “Pita, mama.” Alisema kwa adabu ya kweli. Watu wa aina yake hulelewa vizuri.

Chuo hakikumtupa Mtarajiwa, hilo lazima lisemwe. Kulikuwa na Kitengo cha Maendeleo ya Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu, chenye ofisi ya vioo ghorofa ya chini, na ndani ya vioo hivyo kulikuwa na Afisa Maendeleo, mwanamume wa tai na tabasamu ambaye maendeleo yake mwenyewe yalikuwa kuhama kutoka chumba cha mwisho cha korido hadi chumba cha kwanza. Kila wiki alituma ujumbe wa fursa. Neno hilo alilipenda kupita kiasi. Kubeba viti vya mahafali ilikuwa fursa. Kumsindikiza mgeni rasmi msalani ilikuwa fursa ya kujenga mtandao wa kitaaluma. Na kulikuwa na warsha, moja baada ya nyingine, za kuandika wasifu unaouzika, za kusalimiana kwa kujiamini, za ustahimilivu. Moja ilihusu kuishi vizuri na msimamizi wako. Mwezeshaji aliyetangazwa alikuwa Profesa wa Udongo, kwa hiyo Mtarajiwa ndiye aliyeiendesha.

Katika warsha ya kusimamia muda, Mtarajiwa alinyoosha mkono. Alieleza kwamba yeye muda haumpotei ovyo. Unamtoka na kwenda kwa mtu anayemjua kwa jina, na angependa kusikia kama kuna mbinu ya kuuzuia. Afisa Maendeleo alimsikiliza huku akitikisa kichwa, akaandika ubaoni “changamoto”, akapigia mstari. Kisha akasema kwamba siku ina saa ishirini na nne kwa kila mtu, tajiri na maskini, profesa na mwanafunzi, na tofauti iko kwenye kujipanga. Washiriki wakaandika hilo. Baadaye kulikuwa na maji ya chupa, keki, vyeti vya mahudhurio na picha ya pamoja. Picha hizo Afisa alizitundika ukutani zikifuatana, warsha baada ya warsha, na mtu akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani alimwona Mtarajiwa akizeeka hatua kwa hatua, mgongo ukipinda, kichwa kikiwa cheupe. Juu ya picha zote Afisa alikuwa amebandika maneno “Safari ya Ukuaji”.

Ni kwenye ukuta huohuo lilipobandikwa tangazo la Ufadhili wa Watafiti Chipukizi. Ulikuwa ufadhili wa kutafutwa kwa tochi: miaka miwili ya utafiti, safari za maabara za nje, ajira ya kudumu mwishoni, na tangu siku ya kwanza nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili. Nafasi ilikuwa moja. Sharti lilikuwa mwombaji asiwe amefikisha miaka thelathini na mitano. Mtarajiwa alisoma tangazo kwa miwani ya Profesa, akaona kwamba kwa tarehe yake ya kuzaliwa bado anaingia, ila asichelewe.

Kabla ya kuomba alikwenda kumwona mtoto.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akishona kifungo cha shati la shule. Aliinua macho, akamwona ajuza mmoja na mkoba wake, akainuka haraka kumpa heshima.

“Shikamoo, mama,” akasema mama yake. “Karibu. Unamtafuta nani?”

Mtarajiwa alishindwa kumwitikia marahaba mwanamke aliyemzaa, na kutoitikia nako ni utovu wa adabu. Akasema tu, “Ni mimi, mama.”

Mama yake alimjua kwa sauti, kisha kwa namna alivyoushika mkoba kwa mikono miwili tumboni, kama alivyofanya tangu shule ya msingi. Alimvutia kiti alichokuwa amekalia yeye, chenye mto.

“Umenipita, mwanangu,” akasema. “Kaa.”

Mtoto alirudi kutoka shule akiwa hana meno mawili ya mbele. Akaamkia, akaingia kubadilisha sare. Alipotoka akanong'ona sikioni kwa bibi yake, kwa sauti ambayo watu wote wawili waliisikia, akitaka kujua kama bibi huyu mgeni anatoka kule anakosoma mama, na kama amesema mama anakuja lini. Mtarajiwa akajibu mwenyewe kwamba mama yuko njiani, amebakiza kitu kidogo tu. Mtoto akakubali, kwa kuwa ndilo jibu alilolizoea, akaenda kucheza. Mtarajiwa alibaki ameshika kifungo ambacho hakikuwa kimemaliziwa kushonwa.

Mama yake alisubiri mtoto afike mbali, ndipo akasema yake. Alisema mikono yake imechoka, kukimbizana na mtoto hawezi tena. Alisema mtoto anamjua mama yake kwa simu tu. Kwa hiyo kazi ipatikane mwaka huu, au Mtarajiwa arudi nyumbani wakae watatu, bibi wawili na mjukuu mmoja, watu wa mtaani waseme watakalo.

Mtarajiwa alirudi chuoni akiwa ameazimia. Kilichohitajika kilikuwa barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu mzima katika taaluma anayeifahamu kazi ya mwombaji, na kamati ilikuwa na desturi ya kumpigia simu mwandishi wa barua na kumhoji. Akapanda ngazi, akapumzika kila ghorofa, akamkuta Profesa ameketi juu ya meza amevaa viatu vya kukimbilia, miguu ikining'inia. Profesa alimwamkia kwanza. Halafu akasema barua si tatizo, aiandike mwenyewe kama kawaida, wakimpigia atasema ndiyo. Lakini alikuwa na ombi dogo.

“Mimi pia naomba hiyo nafasi,” akasema. “Nami nahitaji barua. Hakuna anayeijua kazi yangu kukushinda, mama.”

Mtarajiwa alimwuliza nafasi hiyo ni ya nini kwake, mtu mwenye cheo, nyumba na gari. Profesa akafikiri kwa uaminifu kabisa. Alisema kwamba sasa ni kijana, na kijana asipoikimbilia fursa watu watamlaumu. Akaahidi kwamba barua ikitoka nzuri, mwisho wa juma hilohilo ataisoma ile sura ya mwisho. Aliondoa hata kikombe juu yake ili aonyeshe hatanii.

Basi Mtarajiwa akakaa kwenye kiti cha wageni kuandika barua mbili. Alianza na ya kwake. Aliorodhesha warsha na vyeti vyake vya mahudhurio, akataja kwamba anajituma na anashirikiana vizuri na wenzake, na baada ya hapo kalamu ikasimama. Makala zote alizoandika zilikuwa na jina la Profesa. Masomo yote aliyofundisha yalikuwa ya Profesa kwenye ratiba. Utafiti wa vilima, ule wa kulala kwenye hema na kupima matope baada ya kila mvua, ulikuwa na tuzo tayari, iko ukutani nyuma ya kiti cha Profesa. Barua yake ikaishia nusu ukurasa, na hata hiyo nusu aliijaza kwa herufi kubwa.

Ya Profesa ilimtoka kama maji. Angeweza kumharibia, na wazo hilo lilimpitia. Aliyemnyonya mtu hivi hastahili hata mstari mmoja. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba aisifu kazi ile, na kazi ilikuwa nzuri. Alieleza jinsi mtafiti huyu alivyogundua kwamba mteremko haumomonyoki mvua inapokuwa kubwa bali inapokuja upesi baada ya jua kali. Alieleza subira yake na matope, namna anavyofundisha mpaka wanafunzi wa mwisho darasani wakaelewa, usahihishaji wake usio na upendeleo. Aliandika kurasa tatu, machozi yakamtoka kwa fahari, akasaini kwa mkono wake mwenyewe, saini ambayo ilibidi aikumbuke kwanza.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa baraza. Hapo zamani kamati ilikuwa ikiamini vyeti vya kuzaliwa, mpaka mwaka mmoja walipojitokeza waombaji watatu waliozaliwa saa moja, na mama mmoja, katika miji mitatu. Tangu hapo umri ulikadiriwa kwa macho, na ili pasiwe na upendeleo kamati ilimwongeza mjumbe kutoka Idara ya Mifugo, aliyezoea kukadiria umri wa ng'ombe. Huyo alimwomba kila mwombaji afungue kinywa.

Alimwangalia Mtarajiwa kwa muda mfupi sana. Meno yenyewe yalikuwa ya Profesa, yale ya nyuma yaliyozibwa kwa risasi, na pengo upande wa kulia. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole kama bibi amempoteza mjukuu wake humu ukumbini. Mtarajiwa akatoa cheti cha kuzaliwa. Mwenyekiti akakipokea kwa ncha za vidole kama mtu anayepokea karatasi ya bahati nasibu. Mtarajiwa akaeleza kwamba utafiti uliotajwa katika barua ya mwombaji mwingine ni wake, akaanza kueleza kuhusu miteremko. Alieleza vizuri. Wajumbe waliridhika, na mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba ndiyo maana yule kijana anajua sana, kumbe amepitia mikononi mwa mama huyu.

“Ng'ombe hazeeki maini,” Mtarajiwa akawaambia mwishowe.

“Kweli kabisa,” akasema mtu wa Mifugo. “Ila sisi tunaangalia meno.”

Profesa aliingia baada yake akiwa na meno thelathini na mawili, meupe, ya kwake mwenyewe. Walimkadiria miaka ishirini na saba. Kwa umri huo, wakaandika, idadi ya makala zake ni ya kustaajabisha, na hakuna hata mmoja wao aliyestaajabu zaidi ya hapo. Walimpigia simu mwandishi wa barua yake, aliyekuwa bado nje ya mlango kwenye benchi, wakamwuliza kama anayathibitisha aliyoyaandika. Mtarajiwa alisema kazi iliyotajwa ilifanyika yote, neno kwa neno. Wakashukuru, wakakata simu.

Mwisho wa juma Profesa aliisoma sura ya mwisho, kwa kuwa ni mtu wa ahadi. Aliandika pembeni “Safi sana” na kusahihisha nukta moja. Jumatatu wakaenda wote wawili kwa Mkuu wa Masomo ya Juu ili itamkwe kwamba imesomwa. Mkuu aliwapokea vizuri, akafungua kanuni. Mpokea ufadhili wa chipukizi, akasema, husajiliwa upya kama mwanafunzi, na mwanafunzi hawezi kumsimamia mwanafunzi. Ushindi wa Profesa ulikuwa umetangazwa Ijumaa. Profesa angekuja Alhamisi pangekuwa na njia.

Mtarajiwa akauliza nani basi atamsimamia. Mkuu akasema kwa kawaida hupewa mtu mzima kuliko wote katika idara, na akamtazama, akatazama kanuni tena, akaona hilo nalo lina ugumu wake. Aliahidi kulipeleka kwenye kamati. Kwenye ngazi Profesa alimshika mkono asianguke, akamteremsha taratibu mpaka chini, akamwambia kwamba ameumia kweli. Inawezekana ni kweli. Alikuwa na moyo mchanga.

Kitengo kiliandaa hafla ya kumuaga chipukizi. Keki ilikuwa kubwa kuliko ya siku zote. Afisa Maendeleo alisema mvumilivu hula mbivu, akamkatia Profesa kipande cha kwanza. Kisha akamwita Mtarajiwa mbele, akampa cheti cha Mlezi Bora wa Vipaji, na fomu ya warsha mpya ya kujiandaa kustaafu, ambayo ingemfaa, ingawa hakuwahi kuajiriwa. Profesa alipita kuaga. Alipofika kwa Mtarajiwa aliinama kidogo.

“Shikamoo, mama. Mchango wako sitausahau.”

“Marahaba,” Mtarajiwa akasema, kwa kuwa salamu ni haki ya mtu.

Ile nyumba ya vyumba viwili, kwa vile Profesa alikuwa na ya kwake, aliijaza maboksi ya vitabu. Idara nayo ilimpa Mtarajiwa fursa ya kuangalia ofisi na masomo ya Profesa mpaka atakaporejea, kwa sababu anayajua. Mkataba haukuwezekana, alikuwa amepita umri kwa kumtazama tu. Mambo yalikwenda kama yalivyokuwa yakienda. Tofauti ilikuwa kwamba sasa hakuna aliyemwona vibaya akikaa kwenye kile kiti kikubwa, na mgongo wake ulikihitaji. Mama yake alipopiga simu alimwambia mwakani. Mama yake akampa mtoto azungumze naye, na mtoto akamwamkia.

Muhula ulipofunguliwa, Kitengo kilimleta mwanafunzi mpya wa uzamivu, binti aliyemaliza uzamili kwa alama za juu. Alipanda ghorofa tatu na hakuhema. Akabisha hodi, akasimama mlangoni mpaka akakaribishwa.

“Shikamoo, Profesa. Nimepangiwa ofisi hii.”

Mtarajiwa alimwambia yeye si Profesa. Binti akatabasamu kwa heshima, kama watu wanavyofanya mkubwa anapojishusha. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akaeleza anachotaka kuchunguza, akasoma kichwa cha kitabu kilichokuwa rafu ya juu kabisa kule mwisho wa chumba bila kukunja uso. Nyumbani kwao wanamsubiri, akasema. Ana mdogo wake anayemlea.

Mtarajiwa alikuwa na maneno tayari. Tangu alipoambiwa kuna mtu anakuja alikuwa ameyapanga: binti, rudi, shuka ngazi hizo ungali unaweza, kasomee kitu kingine mahali pengine. Yalikuwa maneno mazuri, na yalikuwa ya kweli. Lakini tangazo la chipukizi lilikuwa limebandikwa upya asubuhi ileile, na Afisa alikuwa amethibitisha kwamba kila mwaka litakuwapo, na kwamba kamati itaendelea kuangalia kwa macho. Mtarajiwa akamtazama binti magotini. Akamfikiria mtoto wake, kwamba meno ya mbele sasa yatakuwa yameota, na kwamba mtu mwenye miguu hii, akiingia darasani kwa niaba yake kwa miaka michache tu, angemrudishia mtoto mama anayefanana na mama. Aliona haya. Akasubiri mpaka haya ikapita.

“Kesho asubuhi nina kipindi cha mwaka wa kwanza,” akasema. “Utaingia kwa niaba yangu?”

Binti alifurahi mpaka akasimama. Alisema hakutegemea kupewa fursa kama hiyo siku ya kwanza, akashukuru mara mbili, akatoa kalamu akauliza darasa liko jengo gani.